Kisu cha Mkono wa Kushoto

Zimeni hiyo redio, wanangu, na mmoja wenu aniinulie mto kidogo, maana leo nina maneno mengi na pumzi ni chache. Wewe mkubwa wangu, kaa hapa kitandani, upande wa miguu. Na wewe Mashoto, mwanangu wa kike, acha kusimama mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita, vuta kigoda ukae karibu na kaka yako. Karibu zaidi. Najua hamjakaa bega kwa bega tangu mambo ya tanuri la mikate, na ndiyo sababu nimewaita kwa pamoja, kwenye chumba chenye mlango mmoja. Mkwe wangu, na wewe usikimbilie jikoni, kaa usikie, kwa kuwa nyumba hii wewe ndiye unayeibeba na sitaki kesho usimuliwe na watu yaliyosemwa ukiwa hatua mbili tu kutoka hapa.

Mimi nimekula chumvi nyingi na silalamiki. Daktari zamani alikuwa anakuja na vipimo vyake, ananiambia nitapona. Siku hizi ananiuliza tu kama nimelala vizuri, kisha ananisimulia habari za watoto wake. Nimeshawafanyia wateja vivyo hivyo kwa mashine zisizotengenezeka, kwa hiyo namwelewa na simlaumu.

Nianze na mepesi. Nyumba hii ni yenu wote wawili, isikatwe kwa ukuta katikati, wala mmoja asiuze kipande chake mwenzake akiwa hataki. Ile ngazi ndefu iliyoegemea nyuma ya karakana si yetu. Ni ya mwashi, jirani yetu wa upande wa pili wa barabara. Aliniazima tukiwa vijana wenye nywele, nikafungie taa za ukumbi, na kila nilipotaka kuirudisha kazi nyingine ikanidaka. Naye kwa adabu zake hakuuliza hata siku moja, ila akipita huitazama kama mzazi anayemwona mtoto wake akilelewa kwa watu. Mrudishieni, na muipake rangi kwanza, ili naye afurahi. Koleo, bisibisi, nyundo na testa mtagawana wenyewe, hamkosi akili. Ile mashine ya kutobolea inayopiga shoti itupeni, msimpe mtu kwa jina la zawadi.

Sasa nije kwenye kisu, maana najua masikio yenu yako huko. Wewe mkubwa ulikuja juzi peke yako ukaniomba kisu changu cha kuchunia waya. Mashoto naye akaja baada yako, akaanza na habari za mvua, akapita kwenye habari za maumivu ya shingo yangu, akaishia kwenye kisu hicho hicho. Nimewaelewa vizuri sana. Mji huu wote unakijua kisu kile kiunoni mwangu, na mnadhani atakayekivaa ndiye fundi mkuu, ndiye mwenye karakana, na mwingine atafute pa kwenda. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, wala si haya maumivu. Nikifunga macho leo bila kusema, kesho kutakuwa na karakana mbili za ndugu wawili, zinazonyang'anyana wateja barabara moja na kusalimiana kwa kutuma watu.

Kwanza mjue kisu kile nilikipataje, maana huwa mnanisikia nikikisifu tu, hamjawahi kusikia kisa chake chote. Nilikuwa kijana nimeanza kazi karibuni, na fundi umeme aliyenifundisha alinifukuza kwenye kisu chake. Aliniambia nikatafute changu, kwa sababu kisu cha kazi si bisibisi, hakiazimwi, mkono wa mwenye nacho unakizoea na mkono mwingine unakiharibu. Nikaenda kwenye duka la vifaa pale kona, baada ya kinyozi. Wakati ule alikuwepo baba yake huyu mwenye duka wa sasa, mzee tuliyemwita Taratibu, kwa kuwa hata duka lingeshika moto angekuhudumia kwa zamu. Alikuwa na visu vimepangwa juu ya kitambaa, na pembeni debe la vipande vya waya chakavu ili mnunuzi ajaribu kabla ya kununua. Debe lile lipo hadi leo.

Mimi macho yangu yakaangukia kisu cha mpini mweupe, bapa linang'aa, ncha kali kama sindano. Nikakifungua, nikakifunga, nikakifungua tena. Pembeni yangu alikuwa amesimama msichana mwenye aproni ya ngozi, vidole vina gundi, amekuja kutafuta kisu cha kukatia soli. Akanitazama muda, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka, unanunua kisu au kioo?" Taratibu alicheka mpaka akavua miwani.

Nikanuna, lakini yule msichana hakujali kununa kwangu. Alichukua kipande cha waya kwenye lile debe, akanipa, akaniambia nifumbe macho nikate. Nikafumba, nikachuna, nikasikia makali yanakwaruza shaba. Akaniwekea kisu kingine mkononi, kikateleza kwa jasho. Akaniwekea kingine, kikanibana kidole. Duka zima likasimama kutazama. Kisha akaniwekea kimoja kizito kidogo, mpini wa mti mweusi usiopendeza, ncha imepinda kidogo na mwishoni ina kijiguu butu, na nilipokisukuma kwenye ganda la waya nikasikia kinatembea chenyewe, na ganda lilipoisha kikasimama, shaba haikuguswa. Akasema, "Chukua hicho, lipa kabla hujafumbua macho ukabadilisha mawazo." Nilifumbua macho nikamwona yeye, na kusema kweli kisu nilikisahau. Nililipa nikatoka nikakiacha mezani, na yeye ndiye aliyenikimbilia nacho barabarani, anacheka.

Huyo ndiye mama yenu. Mnamkumbuka akiwa mama, mwenye amri na kanga begani, lakini mimi namkumbuka akiwa na gundi vidoleni. Tulipanga chumba kimoja chenye meza moja, upande huu ngozi na soli, upande ule waya na soketi, na katikati kinoo chake cha kunolea, hakuna aliyeruhusiwa kukisogeza. Kila nikirudi kazini alinivua kisu kiunoni kabla hata hajanipa maji, akakinoa. Alikuwa anasema hawezi kulala nyumba moja na mwanamume mwenye kisu butu. Nikikaa hapa jioni nasikia bado ule mlio wa chuma kwenye jiwe, taratibu, kwenda na kurudi, naye anaimba bila maneno. Ninamkosa sana, wanangu. Sikuwahi kulisema hili mbele yenu kwa sababu niliona haya, na sasa haya imenitoka.

Nipe maji, mkwe wangu. Kidogo tu, yanatosha.

Mashoto, wewe ulipoanza kushika vitu, ulishika kwa kushoto. Shangazi zako wakataka wakufunge mkono huo kitambaa mpaka uzoee wa kulia, na mama yenu aliwatoa mbio na soli mkononi. Akachukua kisu kidogo cha ngozi, akakaa na kinoo siku nzima, akakisaga upande wa pili, ili kikufae wewe. Mimi nilidhani ni mapenzi tu ya mama. Akanieleza nami nikaelewa: visu vingi vizuri vya kazi vimenolewa upande mmoja, upande mwingine ni bapa tupu. Kwa mkono wa kulia, lile bapa linalala juu ya shaba na kuteleza. Kishike kwa kushoto, bapa linakuwa juu na mchongo, ule upande ulionolewa, unakuwa chini, inabidi ukiinue ndipo kikate, na ukishakiinua makali yanachimba. Kisu ni kile kile, mkono ndio umegeuka. Hayo aliyajua mama yenu, na alikufa kabla hujamaliza kujifunza umeme, kwa hiyo siku uliyohitimu hakuwepo wa kuyakumbuka.

Wewe mkubwa wangu, siku ile ulijua nafasi ya mama iko wazi ukataka kuijaza. Ulizunguka mji mzima kutafuta kisu pacha cha kwako, kile unachokiamini kuliko visu vyote, ukampata muuzaji, ukakifunga kwenye karatasi ya zawadi ukamkabidhi dada yako mbele ya mafundi wote. Nilikuona unavyofuta macho ukijifanya ni vumbi. Kilikuwa kisu kizuri mno, na kilikuwa cha mkono wa kulia.

Usishtuke hivyo, kaa. Usinikatize, pumzi yangu haina akiba.

Dada yako alikijua kilivyo tangu waya wa kwanza. Akajifunza kukivuta kuelekea kwake badala ya kukisukuma, akajikata kidole gumba mara kwa mara, akawa anakificha kidole chake mfukoni ukiwa karibu. Mwoneshe kidole chako, Mashoto. Si hicho, kile kingine. Unaona? Hayo si makovu ya uzembe. Hayo ni makovu ya mtu aliyekataa kumwambia kaka yake kwamba zawadi yake haimfai.

Ndipo ikaja kazi ya kumfungia mama wa mikate waya wa tanuri lake. Mnakumbuka jinsi alivyosema, kwamba yeye hataki msichana ashike waya zake, na wewe mkubwa ukamwambia bila dada yako basi na wewe huiwezi kazi hiyo, akakubali shingo upande. Waya wa tanuri ni mnene, haukubali koleo la kuchunia, unataka kisu. Mashoto akauchuna mwisho mmoja, ukutani nyuma ya tanuri, mahali pabaya pasipo na nafasi ya kuvuta kisu kuelekea kwake. Akakisukuma. Makali yakachimba, nyuzi za pembeni zikakatika ndani kwa ndani, asizione. Siku ya kwanza jambo kama hilo halina neno, taa zinawaka na mkate unaiva. Lakini tanuri linakula umeme mwingi, na shaba iliyopungua inapata joto, kila alfajiri joto, mpaka ganda likayeyuka na ukuta ukaanza kutoa moshi. Tushukuru yule mama alikuwa anaamka mapema na pua yake ni nzuri.

Ulifika wewe mkubwa kwanza. Ukaona, ukajua waya ule aliufunga nani, ukamwambia mwenye mikate, mbele ya wafanyakazi wake na majirani, kwamba ni mkono wako. Dada yako akaingia akasikia. Akasema hapana, kazi ile ni yake. Na wewe ukamgeukia ukamwambia, "Nyamaza, wewe hujui kitu."

Neno hilo ndilo lililovunja karakana yangu. Mashoto, uliondoka siku ile ile na mfuko wako wa vifaa, ukaenda kupanga chumba upande wa pili wa mji, kwa kuwa ulidhani kaka yako anakuona mtoto wa kufutwa kamasi mbele za watu. Hukujua kwamba alikunyamazisha ili yule mama asipate la kusema juu ya wasichana na waya, ili wewe uendelee kuitwa. Wateja walimkimbia yeye. Mtaani walimwita Bwana Moshi, na mpaka leo wapo wanaomwita hivyo, naye anaitika. Muulize mkewe huyu hapa kama aliwahi kulala vizuri miezi ile.

Na wewe mkubwa, ulikasirika kwamba ulimkinga mtu naye akakuacha peke yako na jina lile baya. Hukujua alichokuwa amekukinga nacho yeye. Mimi nilikwenda kwa mama wa mikate kesho yake, nikaukata ule mwisho wa waya nikautazama juani. Mkato umeinamia upande ambao mkono wa kulia hauwezi kuinamisha. Nikamfuata Mashoto kule kwake, nikamwomba anioneshe kisu chake, na nilipokigeuza nikamkumbuka mama yenu na kinoo chake, nikakaa chini. Mashoto akaniambia, "Baba, usimwambie kaka. Alikitafuta mji mzima." Akanitaka nimwahidi sitasema maadamu niko hai. Nikaahidi. Na bado niko hai, kwa hiyo ahadi nimeivunja leo mbele yenu, Mashoto utanisamehe. Lakini nikingoja nife kwanza, atasema nani?

Lieni, hakuna ubaya. Mimi ningelia, ila machozi nayo yamekuwa kazi nzito.

Basi sikilizeni maamuzi yangu. Karakana ni ya wote wawili, meza moja, jina moja, na anayetaka kutoka atoke baada ya kufanya kazi bega kwa bega na mwenzake mpaka wamezoeana tena, si kabla. Mama wa mikate mtamwendea pamoja mkamweleze ukweli wote, na kama atasema la kusema juu ya wasichana, mwacheni aseme, mkitoka hapo kazi zenu zitamjibu.

Kisu changu hakipati yeyote kati yenu. Mpini wake una shimo la kidole changu, kimesagika mpaka kimebaki ulimi, mkikishika nyinyi kitawadanganya. Nampa mkwe wangu akamenyee vitunguu. Usinitazame hivyo, binti yangu, nimekuona mara ngapi ukikichukua kwa siri nikilala? Kilipatikana kwa akili ya mwanamke, kikae kwa mwanamke. Na wao wakikigombania, wagombane na wewe jikoni tuone.

Kile kisu cha zawadi, Mashoto, usikitupe wala usikirudishe. Kitundike ukutani juu ya meza, mahali kaka yako atakiona akiinua kichwa. Mtu aliyekupenda hivyo anastahili kukumbushwa.

Kisha nendeni leo mkanunue kisu cha Mashoto. Leo, nasema. Duka bado liko wazi. Mkubwa wangu, utakwenda naye, utasimama pembeni yake, na hutachagua. Hata ukiona anashika kibaya, meza maneno yako. Mashoto, usitazame kung'aa wala usisikilize sifa za muuzaji. Gusa mpini ukiwa na mkono mkavu, kisha ulowanishe mkono uguse tena, kwa sababu juu ya dari utatoka jasho. Angalia kama kidole gumba cha kushoto kinaweza kukifungua bila kuomba msaada wa mkono mwingine, maana mkono mwingine utakuwa umeshika ngazi. Kufuli lake la kuzuia bapa lisijikunje likikaza, bonyeza mgongo wa bapa uone kama linaachia; likiachia, kirudishe. Usitake chuma kigumu mno kisichokubali jiwe, utakuwa mtumwa wa mnoaji. Ncha yake iwe na kile kijiguu butu kinachotembea juu ya shaba. Na uulize makali yamenolewa upande gani. Kama ni upande mmoja, uwe upande wako. Kama hawana, chukua chenye makali pande zote mbili, kitakutii.

Halafu chukua waya kwenye debe, ufumbe macho, ukate. Usikate ganda mpaka mwisho. Kisu kianze tu, kisha waya uupinde kwa mkono, ganda lipasuke lenyewe. Ukisikia mkwaruzo, weka chini, shika kingine. Usione haya watu wakijaa kutazama. Mama yako hakuona haya.

Nimechoka sasa. Mkwe wangu, shusha mto.

Mkubwa wangu, leta mkono. Umebeba jina baya kwa ajili ya dada yako na hukunung'unika, nakubariki kwa hilo, kazi zako zisipungukiwe na mikono yako isitetemeke. Mashoto, leta ule wa kushoto, ndio wako. Nakubariki, ushike kila kitu kwa mkono huo na asitokee wa kuufunga. Mkwe wangu, Mungu akupe nyumba yenye kelele za kawaida tu. Muishi. Mle pamoja.

Nendeni basi, kabla hawajafunga. Msinisubiri, mkwe wangu yuko hapa. Mkirudi, nitieni hicho kisu kipya mkononi, hata kama nimelala.

Na kama mtanikuta siitiki... msigombane nani alimchelewesha mwenzake.